Seva ya mafaili ofisini: Nafasi moja tupu inavyoweza kufungua mlango kwa kila mtu

KATIKA ofisi nyingi za mjini zenye kompyuta kumi au ishirini, nyaraka bado husafiri kutoka chumba hadi chumba kwa flashi. Mhasibu huandaa jedwali la mishahara na kumpelekea mkuu wake nakala. Mkuu hurekebisha tarakimu mbili tatu na kuhifadhi jedwali hilo kwenye kompyuta yake. Karani wa masijala hubaki na nakala ya tatu isiyo na marekebisho yoyote. Siku mkaguzi wa hesabu anapobisha hodi, hakuna mwenye uhakika ni nakala ipi iliyo sahihi. Na kwa kuwa flashi hiyo hiyo huchomekwa katika kila mashine, ndiyo pia inayosambaza virusi vya kompyuta katika jengo zima.

Dawa ya tatizo hilo si ngeni. Tangu miaka ya 1980 mifumo ya kompyuta ya ukoo wa Unix imekuwa na huduma zinazoziwezesha kompyuta nyingi kutumia mafaili yaliyohifadhiwa mahali pamoja, kana kwamba kila moja inayo ndani yake. Mashine inayohifadhi mafaili hayo huitwa seva, na si lazima iwe ya bei kubwa. Kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafishwa, yenye diski zilizo nzima na mfumo wa Linux ambao hauna ada ya leseni, inatosha kuhudumia ofisi ya watu ishirini.

Kinachohitajika zaidi ni mtu makini wa kuipanga. Mpangilio wake wote ni mistari michache ya maandishi, na katika mistari hiyo kosa la alama moja laweza kuweka mishahara ya wafanyakazi wote mbele ya macho ya kila anayepita. Hilo si suala la aibu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo hudai vivyo hivyo.

Wapo watakaouliza kwa nini ofisi isihifadhi kila kitu kwenye huduma za intaneti kama Google Drive na kuachana na usumbufu wa seva. Kwa ofisi ya watu watatu, huenda huo ndio uamuzi wa busara. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na katika nchi nyingine za ukanda huu. Ofisi yenye seva yake chumba cha pili haikuwa na sababu ya kusimamisha kazi siku hiyo, kwani waya unaotoka mezani hadi kwenye swichi ya ofisi haupiti baharini.

Huduma zinazotumika zaidi ni mbili: NFS na Samba. Ya kwanza ni lugha ya asili ya Unix, na hufaa pale ambapo kompyuta zinazoomba mafaili nazo ni za Linux au Unix. Ya pili huifanya seva ya Unix izungumze lugha ya Windows, kwa hiyo ndiyo ambayo ofisi nyingi za hapa kwetu zitaihitaji. Seva moja yaweza kutoa zote mbili. Mifano inayofuata ni ya Linux ya aina ya Debian na Ubuntu, na amri zote hutolewa na msimamizi mkuu wa mashine, yule ambaye Unix humwita root.

Ruhusa kwanza, mtandao baadaye

Kishawishi cha kuanza na mtandao ni kikubwa, lakini kazi huanzia ndani ya seva yenyewe. Unix huligawa kila faili kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, kundi lake, na watu wengine wote. Kila aina hupewa au hunyimwa ruhusa tatu, nazo huandikwa kwa namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Kwa kabrasha, hiyo 1 ya mwisho humaanisha ruhusa ya kuingia ndani. Zikijumlishwa hupatikana 7, yaani ruhusa zote. Kabrasha lenye namba 770 humpa mwenyewe na kundi lake kila kitu, na wengine hawapati lolote.

Tuseme idara ya uhasibu inahitaji kabrasha lake. Msimamizi ataandika hivi:

groupadd uhasibu
mkdir -p /srv/uhasibu
chgrp uhasibu /srv/uhasibu
chmod 2770 /srv/uhasibu

Ile 2 iliyotangulia 770 ina kazi muhimu. Huagiza kwamba kila faili jipya litakalozaliwa ndani ya kabrasha hilo liwe mali ya kundi la uhasibu, si la kundi binafsi la aliyeliandika. Bila namba hiyo, mhasibu mmoja huandika waraka na mwenzake anayeketi meza ya pili hawezi kuufungua.

Wafanyakazi huingizwa kwenye kundi kwa amri ya usermod -aG uhasibu ikifuatiwa na jina la akaunti. Herufi a hapo isisahaulike. Ikikosekana, mfanyakazi huingizwa kwenye uhasibu na papo hapo kuondolewa katika makundi mengine yote aliyokuwamo, naye msimamizi haoni onyo lolote.

NFS na ile nafasi tupu

NFS ilibuniwa mwaka 1984 na kampuni ya Sun Microsystems ya California, Marekani. Wakati huo diski zilikuwa ghali, na Sun iliuza baadhi ya kompyuta zake bila diski kabisa. Zilisoma kila kitu kupitia waya kutoka kwenye seva. Kampuni hiyo iliamua kuuweka wazi utaratibu wa huduma yake ili hata washindani wake waweze kuutumia, na kwa maoni ya mwandishi huu ndio uamuzi ulioiokoa NFS. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010 na jina lake likafifia, lakini NFS ingali hai. Toleo la nne lilitolewa mwaka 2000 na kusahihishwa mwaka 2003. Toleo la 4.2 lilifuata mwaka 2016.

Baada ya kusakinisha programu kwa amri ya apt install nfs-kernel-server, kazi yote hubaki katika faili moja, /etc/exports. Kila mstari husema mambo matatu: kabrasha lipi linatolewa, linatolewa kwa nani, na kwa masharti gani. Ikiwa kompyuta ya mhasibu ina anwani 192.168.10.21, mstari wake utakuwa:

/srv/uhasibu 192.168.10.21(rw,sync,no_subtree_check)

Herufi rw humruhusu kusoma na kuandika. Zikiwa ro, atasoma tu. Hapa msomaji atazame kwa makini mahali ambapo anwani inakutana na mabano. Hakuna nafasi kati yao. Sasa alinganishe na mstari huu:

/srv/uhasibu 192.168.10.21 (rw,sync,no_subtree_check)

Kwa jicho la binadamu, mistari hii miwili ni kitu kimoja, na wa pili hata unapendeza zaidi kusomeka. Kwa NFS ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Nafasi tupu ndiyo inayotenganisha mteja mmoja na mwingine. Mstari wa pili humaanisha kwamba kompyuta ya mhasibu inapewa kabrasha kwa masharti ya kawaida, yaani kusoma tu. Kisha kila kompyuta nyingine inayoweza kuifikia seva inapewa ruhusa ya kusoma na kuandika. Anayelalamika asubuhi ni mhasibu, kwamba hawezi kuhifadhi kazi yake. Wale waliofunguliwa mlango hawana sababu ya kulalamika, kwa hiyo kosa laweza kukaa miezi kadhaa bila kujulikana. Programu hutoa onyo kwamba hakuna jina la kompyuta lililotajwa mbele ya mabano, lakini hutekeleza ilichoagizwa.

Kwa sababu hiyo, baada ya kila badiliko msimamizi atoe amri mbili. Ya kwanza, exportfs -ra, huisomesha seva mpangilio mpya. Ya pili, exportfs -v, huonyesha kile ambacho seva imekielewa, ambacho huenda kisiwe kile alichodhani ameandika. Akiona neno world mbele ya kabrasha la mishahara, ajue kuwa kabrasha hilo liko wazi kwa wote. Wanaotumia FreeBSD watakuta faili lenye jina hilo hilo lakini lenye sarufi tofauti, hivyo mistari iliyoandikwa hapa isinakiliwe huko.

Kuna tahadhari nyingine ambayo vitabu vingi huipita haraka. Katika ofisi nyingi, anwani za kompyuta hugawiwa na ruta kwa zamu. Anwani ya mhasibu ya leo yaweza kesho kuwa ya simu ya mgeni aliyepewa neno la siri la mtandao wa wageni, endapo wageni na wafanyakazi wanatumia mtandao mmoja. Kompyuta zinazotajwa katika /etc/exports sharti zipewe anwani za kudumu, na wageni wawe na mtandao wao.

Upande wa mhasibu, kabrasha hupachikwa kwa amri mount -t nfs4 192.168.10.2:/srv/uhasibu /mnt/uhasibu, ambapo 192.168.10.2 ni anwani ya seva. Ili lijipachike kila kompyuta inapowashwa, mstari wenye maelezo hayo hayo huongezwa katika faili la /etc/fstab.

Seva inapomjua mtu kwa namba

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba NFS, ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, haimuulizi mtu neno la siri. Kompyuta ya mteja huiambia seva, "Anayeomba ni mtumiaji namba 1000," na seva huamini. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha mtumiaji katika Unix. Jina ni pambo la kuwasaidia binadamu.

Tatizo ni kwamba Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza wa kila kompyuta namba 1000. Ofisi ikiwa na kompyuta kumi, kila moja ikiwa imesakinishwa na mwenyewe, basi mbele ya seva watu wote kumi ni mtu mmoja. Karani wa masijala atafuta faili la mkurugenzi, na seva itaona kuwa mwenye mali amefuta mali yake. Toleo la nne la NFS hutuma majina pale linapoeleza nani mwenye faili, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wasimamizi kudhani tatizo limekwisha. Halijakwisha, kwani katika mpangilio huo wa kawaida ruhusa bado huamuliwa kwa namba.

Ofisi ndogo yaweza kujiokoa kwa daftari: kila mfanyakazi apewe namba yake tangu siku ya kwanza, na namba hiyo itumike katika kila kompyuta. Ofisi kubwa huhitaji mfumo wa Kerberos, ambao humtaka mtu athibitishe kuwa ndiye kwa neno la siri kabla seva haijamsikiliza, na kwa chaguo la sec=krb5p husimba mazungumzo yote yasisomeke njiani. Kuusimika si kazi ya mchana mmoja.

Seva ina kinga moja ambayo huja ikiwa imewashwa. Ombi linalotoka kwa root wa kompyuta nyingine hushushwa cheo na kuhesabiwa kuwa la mtu asiye na lolote. Kinga hiyo huitwa root_squash. Mtandaoni kumejaa ushauri wa kuizima kwa kuandika no_root_squash kila panapotokea ugumu wa ruhusa. Ushauri huo hufanya kazi, kama vile kung'oa mlango kunavyomsaidia aliyepoteza ufunguo. Hata hivyo, kinga hii isimpe mtu usingizi mzito. Mwenye madaraka ya root kwenye kompyuta yake ya mkononi anaweza kujigeuza mtumiaji namba yoyote kisha akaiomba seva kwa namba hiyo. NFS bila Kerberos ni kwa ajili ya mashine ambazo msimamizi anazimiliki na kuziamini, basi.

Umeme unapokatika

Matoleo ya awali ya NFS yalijengwa kwa wazo lililo rahisi na la kupendeza: seva isikumbuke lolote kuhusu wateja wake. Kila ombi lilibeba maelezo yote yaliyohitajika, mfano wa mteja wa duka ambaye kila anapokuja hutaja upya bidhaa, kipimo na bei, hivyo muuza duka hana haja ya daftari. Seva ilipozimika na kuwaka tena, kazi iliendelea kutoka pale pale. Toleo la nne lina daftari, kwa kuwa hufuatilia nani amefungua faili gani na nani amelitia kufuli. Kwa hiyo seva ya Linux inapowaka husubiri sekunde 90 kwa kawaida, ili wateja wa zamani wadai upya makufuli yao kabla wapya hawajapewa nafasi. Anayeona seva imewaka lakini mafaili yamegoma kwa dakika moja na nusu asiizime tena kwa hasira.

Hapa ndipo neno sync katika mstari wetu linapopata maana. Huiagiza seva isimjibu mteja kuwa kazi imehifadhiwa mpaka iwe imefika kwenye diski. Kinyume chake, async, huruhusu seva kujibu huku data ingali katika kumbukumbu ya muda. Kasi huongezeka sana, na ndiyo maana watu hushawishika. Lakini umeme ukikatika katika nukta hiyo, mhasibu ameambiwa kazi yake iko salama ilhali haipo popote, na hakuna programu itakayomjulisha. Katika miji yetu, ambako umeme huweza kukatika bila taarifa, sync ibaki ilivyo, na seva iunganishwe na UPS.

Upande wa mteja kuna uamuzi wa namna hiyo. Kwa kawaida, seva ikipotea, kompyuta ya mteja husubiri bila kikomo. Programu huganda, mshale hauitiki, na ofisi nzima huanza kumtafuta fundi. Chaguo liitwalo soft huikatisha subira hiyo kwa kurudisha taarifa ya kosa, jambo linaloonekana kuwa la kiungwana zaidi. Ubaya wake ni kwamba programu nyingi hazikuandikwa zikitarajia faili kutoweka katikati ya kuandikwa, na matokeo yake huwa faili nusu. Kwa makabrasha yanayoandikwa, heri kuganda.

Samba na lugha ya Windows

Itifaki ya SMB, ambayo Windows huitumia kugawana mafaili, ilianzia katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya Microsoft kuichukua na kuikuza. Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alianza kuandika programu ya Unix inayoweza kuzungumza lugha hiyo. Hakuwa na kitabu cha sarufi yake. Alitega sikio kwenye waya na kutazama kompyuta zinaambiana nini, kisha akaiga. Yeye mwenyewe baadaye aliilinganisha njia hiyo na mtu anayejifunza Kifaransa kwa kuketi mkahawani na kuangalia mhudumu analeta nini baada ya kila neno.

Jina la Samba halihusiani na Wasambaa wa Lushoto wala na ngoma ya Brazil. Jina la awali la programu hiyo lilikuwa tayari ni alama ya biashara ya kampuni nyingine, hivyo Tridgell aliiagiza kompyuta yake itafute katika orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano, na Samba likawa mojawapo ya yaliyojitokeza. Mwaka 2007, baada ya uamuzi wa mahakama ya Ulaya dhidi ya Microsoft, waandishi wa Samba hatimaye walipata nyaraka rasmi za itifaki hiyo. Toleo la 4.0 la Desemba 2012 liliiwezesha seva ya Unix kuendesha Active Directory, mfumo wa kusimamia watumiaji wote wa Windows katika ofisi.

Mpangilio wake uko katika /etc/samba/smb.conf, nao ni rafiki zaidi kwa msomaji kuliko ule wa NFS:

[uhasibu]
path = /srv/uhasibu
valid users = @uhasibu
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Alama ya @ humaanisha kundi zima. Mstari wa create mask usiachwe. Bila huo, mafaili mapya huzaliwa bila ruhusa ya kundi kuandika, na malalamiko ya "naliona faili la mwenzangu lakini siwezi kulihifadhi" huanza siku ya kwanza. Baada ya kuandika, amri ya testparm hukagua kama kuna kosa la sarufi, na systemctl restart smbd huianzisha huduma upya. Mfanyakazi mwenye Windows ataandika \\192.168.10.2\uhasibu katika dirisha la mafaili.

Tofauti na NFS ya kawaida, Samba humtambua mtu kwa jina na neno la siri. Maneno hayo huhifadhiwa kando na yale ya Unix, kwa hiyo kila mfanyakazi aliyekwisha kuwa na akaunti kwenye seva huongezwa kwa smbpasswd -a na jina lake. Utengano huo una athari ambayo ofisi nyingi huisahau: mfanyakazi anapoacha kazi, kumfungia neno lake la siri la Unix pekee hakumfungii Samba. Lazima itolewe pia amri ya smbpasswd -d.

Faida ya haraka huonekana katika lile jedwali la mishahara. Mhasibu akilifungua, mkuu wake anayejaribu kulifungua wakati huo huo huambiwa kuwa linatumika na kupewa nafasi ya kulisoma tu. Amri ya smbstatus humwonyesha msimamizi nani ameshika faili gani. Ila kabrasha moja lisitolewe kwa NFS na Samba kwa pamoja ikiwa pande zote mbili zitaandika. Makufuli ya upande mmoja hayaheshimiwi kikamilifu na mwingine.

Mlango namba 445

Mei 12, 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa saa chache kupitia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB kwenye Windows. Hospitali nchini Uingereza zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Virusi hivyo vilisimba mafaili na kudai fidia ili yafunguliwe. Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi 14 mwaka huo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimewekewa. Siku 12 baada ya WannaCry, waandishi wa Samba nao walitangaza udhaifu mkubwa uliokuwamo katika programu yao tangu toleo la 3.5.0, uliomwezesha mwenye ruhusa ya kuandika katika kabrasha kuipandikizia seva programu na kuilazimisha iiendeshe.

Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, Samba huja ikiwa imelizima toleo la kwanza la SMB. Adui wa uamuzi huo katika ofisi nyingi ni mashine kuukuu ya skana isiyojua lugha nyingine, na fundi huombwa alifungue toleo hilo tena ili skana ifanye kazi. Heri skana ihifadhi kwenye flashi kuliko ofisi nzima irudishwe mwaka 2017.

Samba husikiliza mlango namba 445, na NFS ya toleo la nne mlango namba 2049. Milango hiyo miwili haina sababu ya kuonekana kutoka intaneti. Katika Ubuntu, amri ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp huiruhusu ofisi, na baada ya ulinzi kuwashwa kwa ufw enable wengine huachwa nje. Anayeisimamia seva kutoka mbali ahakikishe kwanza kuwa ameruhusu mlango anaoutumia yeye mwenyewe. Mfanyakazi anayehitaji mafaili akiwa nyumbani apitishwe katika njia iliyosimbwa kama WireGuard, wala asifunguliwe mlango kwenye ruta.

Wapo wanaojifariji kuwa seva ya Linux haishambuliwi na virusi vya Windows. Virusi vya fidia havihitaji kuishambulia. Kompyuta moja ya Windows ikiambukizwa, husimba kila faili ambalo mtumiaji wake ana ruhusa ya kuliandika, yakiwamo yaliyo kwenye seva, na seva hutii kwa kuwa jina na neno la siri ni sahihi. Hii ndiyo sababu ya kumpa kila mtu makabrasha anayoyahitaji tu, na ndiyo sababu diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva si akiba. Diski hizo huokoa pale moja inapoharibika; faili likisimbwa au kufutwa, badiliko hilo nalo hunakiliwa upande wa pili mara moja. Nakala ya akiba ni ile inayowekwa kwenye diski ya tatu, ambayo huchomolewa kila jioni na kufungiwa kabatini, na ambayo angalau mara moja kwa mwezi mtu hujaribu kurejesha faili kutoka humo.